Kumzawadia Mwenzi Bastola Dar es Salaam: Mwongozo wa Kuchagua kwa Mkono Wake na kwa Mujibu wa Sheria

Mume anayetaka kumzawadia mkewe bastola, au mke anayetaka kumzawadia mumewe, kwa kawaida huanza kwa kuwaza jinsi atakavyoinunua kimyakimya, ataificha wapi, na siku gani atamshtukiza nayo. Kwa anayeishi Dar es Salaam, na kwa Mtanzania yeyote popote alipo nchini, wazo hilo la kushtukiza ndilo la kwanza kuliweka kando. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtambua mmiliki wa silaha kwa jina lake mwenyewe, na leseni hutolewa kwa mtu huyo na kwa silaha hiyo, wala si kwa kaya wala kwa ndoa. Bastola iliyoandikwa kwa jina la mume ikikutwa kwenye mkoba wa mke asiye na leseni yake, cheti cha ndoa hakitamsaidia lolote mbele ya polisi. Kumiliki silaha bila kibali ni kosa ambalo hapa kwetu huweza kushtakiwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na kila aliyewahi kuwa na ndugu mwenye kesi ya namna hiyo anajua uzito wa neno hilo.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilianza vibaya. Mke wangu ana duka la jumla Kariakoo, hufunga hesabu usiku, kisha huendesha gari peke yake hadi Goba akiwa na mauzo ya siku. Baada ya jirani yake wa dukani kuporwa, niliamua kwamba siku yake ya kuzaliwa atakuta bastola juu ya meza. Nilimweleza mpango huo mzee mmoja wa mtaani kwetu, askari polisi mstaafu, nikitarajia anisifu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, siku hiyo silaha ikitoka kwenye mkoba wa mkeo, atakayeulizwa ni yeye, si wewe. Unamzawadia kesi." Ilinichukua siku mbili kulimeza neno hilo, na yafuatayo ndiyo niliyojifunza tangu siku ile hadi bastola yake, iliyo kwa jina lake na aliyoichagua kwa mkono wake, ilipoingia ndani ya nyumba yetu.

Hatua ya kwanza: mwulize mwenyewe

Kaa naye chini, wakati ambao hakuna mgeni wala haraka, umweleze hofu yako na umwachie naye aeleze yake. Huenda hataki kabisa kukaa na silaha, na jibu hilo lazima ulikubali moyoni, maana mtu aliyebebeshwa bastola asiyoitaka huiacha droo isiyo na kufuli, huiogopa kuisafisha, na siku ya hatari huishika kama mtu aliyeshika nyoka. Huenda pia mkagundua kwamba tatizo lenu ni fedha taslimu, si ukosefu wa silaha. Sisi tulipokaa kuzungumza tuligundua kwamba nusu ya mauzo yangeweza kuingia benki au kwa wakala kabla ya saa kumi jioni, na kwamba njia ya kurudi nyumbani haikupaswa kuwa ileile kila siku. Mabadiliko hayo mawili hayakutugharimu kitu, nami nayaweka juu ya bastola yoyote kwa thamani.

Ipo pia hali ambayo mwongozo huu unapaswa kuishia hapa hapa. Kama mmoja wenu ana ulevi, kama katika ndoa yenu mkono umewahi kuinuliwa, kama mmoja anapita katika huzuni nzito au amewahi kutamka kwamba amechoka kuishi, silaha isiingie katika nyumba hiyo, iwe kwa jina la nani. Hasira na huzuni hupita, na aliye katika hali hiyo hupona, lakini risasi ikishatoka hairudi.

Hatua ya pili: maombi aombe yeye

Mwombaji ni yule atakayeibeba silaha, na safari ya maombi huanzia chini kabisa. Huanza na barua na fomu zinazopita serikali ya mtaa anakoishi, ambako mwenyekiti na majirani wanamfahamu kwa tabia, kisha kata, kisha polisi na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, kisha ngazi ya mkoa, kabla jalada halijafika kwa msajili wa silaha wa Jeshi la Polisi. Njiani atachukuliwa alama za vidole ili kuthibitisha kwamba hana rekodi ya uhalifu, atahitaji kitambulisho cha taifa na picha, na ataulizwa sababu. Sababu iandikwe kwa ukweli na kwa ukamilifu: anafanya biashara gani, anasafirisha fedha saa ngapi, tukio gani limewahi kumpata au kumpata mwenzake. Vielelezo vya biashara, kama leseni na cheti cha mlipakodi, huipa barua uzito ambao maneno matupu hayana.

Hapa mwenzi anayetoa zawadi ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Unaweza kumpigia nakala, kumpeleka na kumsubiri, kukaa dukani siku anapoitwa kuhojiwa. Usimtafutie njia ya mkato, wala usimpe mtu fedha ili jalada liruke ngazi. Leseni iliyopatikana kwa mlango wa nyuma haimpi mmiliki usingizi. Wenye silaha jijini humu wanakumbuka uhakiki wa mwaka 2016, walipotakiwa kuzipeleka silaha zao polisi zikaguliwe pamoja na karatasi zake, na waliokuwa na mashaka na karatasi zao ndio waliohangaika.

Kama katika ukoo wenu kuna bastola ya marehemu baba au mjomba, nayo pia si zawadi. Leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na shamba. Silaha hukabidhiwa polisi, na anayeitaka huomba upya kwa jina lake.

Hatua ya tatu: kipi sasa cha kumshtukiza nacho

Usivunjike moyo, kwani vipo vitu ambavyo unaweza kuvinunua kwa siri na kuvifunga kwa karatasi ya rangi. Cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho zawadi halisi, ni kasha la chuma la kuhifadhia silaha. Lichague lenye mlango mnene, lenye matundu nyuma au chini ya kupitishia boliti, kwa sababu kasha lisilofungwa ukutani mwizi hulibeba kama begi na kwenda kulifungulia kwake. Namba za siri ni bora kuliko ufunguo, maana funguo huning'inizwa msumarini na kila mtu nyumbani hujua ni za nini. Fundi alifunge kwenye ukuta wa tofali, si kwenye kabati la mbao. Cha pili ni kinga ya masikio, ile kubwa inayofunika sikio lote, pamoja na miwani ya kinga. Mlio wa bastola hupita desibeli 150, na sikio huanza kudhurika kwa mlio wa ghafla wa desibeli 140, kwa hiyo kufyatua bila kinga hata mara moja si ujasiri. Cha tatu ni ada ya mafunzo iliyokwisha kulipwa, kwa mwalimu anayetambulika, kwenye uwanja wa shabaha halali.

Mimi nilimpa mke wangu kasha tupu siku ya kuzaliwa kwake, ndani yake mkiwa na barua yake ya maombi niliyokwisha kuipiga chapa, ikisubiri sahihi yake tu. Alicheka, kisha akakaa kimya muda mrefu akiisoma.

Hatua ya nne: kuchagua kwa mkono wa atakayeitumia

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bastola usiyoifyatua wewe hujui inavyoumiza kiganja cha mwenzako. Wanaume wengi humchagulia mke bastola ndogo kabisa, kwa fikra kwamba mkono mdogo hutaka silaha ndogo na kwamba itakaa vizuri mkobani. Nami nilifikiri hivyo. Kibali kilipokuwa njiani tulikwenda dukani kwa muuzaji mwenye leseni, nikamwelekezea mke wangu bastola moja nzuri, nyembamba, ya kaliba (kipimo cha upana wa risasi) .380, isiyozidi kiganja. Muuzaji alitoa magazini, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, akaifungua bastola, akatuonesha kwamba chemba, mahali inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, iko tupu, akampa. Mke wangu akajaribu kuikoki, yaani kuivuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachoteleza. Slaidi haikusogea. Akaikaza kwa vidole viwili, kisha kwa kiganja kizima, hadi kucha ya kidole gumba ikakatika, na slaidi ikafika nusu ikarudi. Muuzaji akaiweka kando bila kusema kitu, akampa nyingine kubwa zaidi, ya milimita 9, nayo akaikoki mara ya kwanza kana kwamba anafungua kopo la maziwa.

Sababu yake ni ya kiufundi na inafaa kuielewa. Bastola nyingi ndogo za mtindo wa zamani hutegemea uzito wa slaidi na ukali wa springi peke yake kuizuia slaidi isirudi mapema risasi inapotoka, kwa hiyo springi lazima iwe kali. Bastola za milimita 9 za kisasa karibu zote zina mtutu unaojifunga na slaidi kwa kitambo kidogo baada ya mlipuko, hivyo springi yake huweza kuwa laini zaidi ingawa risasi yake ina nguvu zaidi. Juu ya hayo, silaha nyepesi hupiga teke kali kuliko nzito inayofyatua risasi ileile, kwa sababu hakuna uzito wa kulimeza teke hilo. Kile kidude cha kupendeza kinachoingia mkobani ndicho kinachomfanya anayejifunza afumbe macho kabla ya kufyatua.

Baada ya hapo chaguo la kweli ni kati ya aina mbili. Rivolva ina silinda ya risasi tano au sita, haina slaidi ya kuvuta, ni rahisi kuitazama na kujua kama ina risasi, na ikikataa kulia unavuta tena kifyatulio na risasi nyingine inakuja. Ubaya wake ni kwamba kifyatulio, pale ambapo nyundo haijarudishwa kwa kidole gumba, huhitaji nguvu ya takribani kilo 5. Chukua kidumu cha mafuta cha lita tano kilichojaa, ukiinue kwa kidole cha shahada peke yake, utaelewa kwa nini risasi za rivolva ndogo huenda kushoto na chini. Bastola ya magazini, kama Glock 19 iliyoanza kutengenezwa Austria mwaka 1988, huhitaji karibu nusu ya nguvu hiyo, hubeba risasi 15, na ikiwa tupu ina uzito wa takribani gramu 600. Ubaya wake ni kwamba hutaka mazoezi zaidi, na hasa kwamba ukitoa magazini bado risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba. Watu wengi waliojeruhiwa na silaha "tupu" walijeruhiwa na risasi hiyo moja. Mwenye nguvu ya kiganja na nia ya kufanya mazoezi namshauri achukue ya magazini, ya ukubwa wa kati. Mwenye baridi yabisi kwenye vidole ajaribu zote mbili kabla ya kusikiliza ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo.

Kipimo cha mkono ni hiki. Silaha ikiwa imethibitishwa tupu na ikielekezwa mahali salama, aishike juu kabisa ya mpini, uwazi kati ya kidole gumba na cha shahada ukigusa mgongo wa mpini, na mtutu uwe kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wake. Sasa nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike katikati ya kifyatulio bila kuuzungusha mkono. Ikiwa hakifiki, mpini ni mnene mno kwake. Ikiwa kinapita hadi kwenye kifundo, ni mwembamba mno. Baadhi ya bastola huja na migongo ya kubadilisha ya unene tofauti, jambo lenye faida kubwa kuliko rangi au nakshi yoyote. Aikoki mwenyewe, atoe na kurudisha magazini mwenyewe, afikie kila kitufe bila kuubadili mshiko. Kama anatumia mkono wa kushoto, mwambie muuzaji mapema. Na apime jicho lake kuu: anyooshe mikono, aache tundu dogo kati ya viganja, atazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja moja, jicho linaloendelea kuiona saa ndilo litakalolenga.

Kuhusu kaliba, sina mengi. Milimita 9 inapatikana kuliko nyingine kwa bastola za magazini, na .38 kwa rivolva. Kaliba ya nadra hugeuza silaha kuwa pambo, kwa sababu asiyepata risasi hafanyi mazoezi. Kumbuka pia kwamba risasi ya milimita 9 huweza kuruka zaidi ya kilomita moja ikikosa cha kuizuia. Ukuta wa tofali huisimamisha, lakini mlango wa mbao, dirisha, dari na bati haviwezi, na nyumba zetu za Manzese, Tandika au Mbagala zimebanana kiasi kwamba nyuma ya kila mlango kuna mtoto wa mtu. Kwa sababu hiyohiyo usimruhusu mtu kufyatua hewani harusini au usiku wa mwaka mpya.

Hatua ya tano: mafunzo kabla ya kubeba

Kuna kanuni nne ambazo walimu wa shabaha duniani kote hufundisha, na mwenzi wako azijue kama anavyojua jina lake. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu ambacho hujaridhia kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi alama za kulengea ziwe juu ya shabaha na uamuzi umekwisha kufanyika. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Hiyo ya nne ndiyo inayovunja nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, ndani yake akiwemo mpenzi wake, Reeva Steenkamp, ambaye alifariki. Alijitetea kwamba alidhani kuna mvamizi. Mahakama ya rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2015. Kwa hiyo kubalianeni, nyinyi wawili na watoto, neno la kuitikiana gizani, na kubalianeni kwamba hakuna atakayegusa silaha kabla hajaita na kuhesabu watu wa nyumba. Taa ya mkononi ikae pamoja na silaha kasheni.

Baada ya siku za uwanjani, mazoezi mengi hufanyika nyumbani kwa risasi za bandia zisizo na baruti, risasi halisi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Dakika kumi mara tatu kwa wiki zina faida kuliko siku moja ya kufyatua boksi zima la risasi.

Hatua ya sita: nyumbani na barabarani

Mtoto wa miaka mitano anajua unakoficha biskuti, basi usidhani hajui unakoficha kitu ambacho baba na mama wanakinong'onezea. Juu ya kabati si mahali pa silaha, wala chini ya godoro, wala kwenye chombo cha unga. Ikae kasheni wakati wote ambao haiko mwilini, na namba za kasha mzijue wenye leseni tu. Leseni ikiwa ni ya mke peke yake, mume pia asizijue, na mume aliyenunua kasha hilo asilione jambo hili kuwa dharau. Msaidizi wa kazi za nyumbani aambiwe kwa heshima kwamba kasha haliguswi, bila kuelezwa lina nini.

Barabarani, mkoba wa begani ndio mahali pabaya kuliko pote. Waporaji wa pikipiki jijini hunyakua mkoba kwanza, na mkoba ukienda, silaha imeenda, na mwenye leseni ndiye atakayeeleza polisi usiku huohuo ilipotelea wapi. Ikae mwilini, ndani ya mfuko wake maalumu mgumu unaofunika kifyatulio, chini ya nguo, na leseni iwe pamoja nayo. Isiachwe garini. Isiingie baa wala ukumbini, na anayekunywa asiibebe siku hiyo.

Hatua ya saba: siku ya kuichukua

Kabla ya kutia sahihi, linganisheni kwa macho yenu namba iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti. Sisi tulikuta tarakimu moja imeandikwa 7 badala ya 1, na kuisahihisha palepale kulichukua dakika chache, ilhali kungechukua miezi kama ingegunduliwa kwenye kizuizi cha polisi barabarani. Pigeni nakala ya leseni mbili, moja ikae mbali na nyumbani, na tarehe ya kuihuisha iandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

Mwisho, hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu, na chuma hapa hushika kutu haraka kuliko Arusha au Iringa. Kila jioni ya siku iliyobebwa, jasho lipanguswe kwa kitambaa kikavu, na mara moja kwa wiki mke wangu huitoa magazini, huitazama chemba kwa jicho na kuigusa kwa kidole kidogo, kisha huipaka mafuta membamba ya silaha na kuyafuta hadi kitambaa kitoke kisafi. Ndani ya kasha tumeweka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na hubadilishwa masika yanapoanza.